Mjadala wa wazi: Chombo cha angani chaweza kutua Mshtarii?

*Hoja ya mtu wa Mwembe Tayari: Mshtarii ina kiini, kwa hiyo chombo kigumu cha kutosha kitafika chini kitue. Wajuzi waseme.*

Wa Kisauni: Hapo kwenye "chini" ndipo penye kasoro. Haidrojeni ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi -240, haina mpaka kati ya gesi na kimiminika hata uigandamize vipi, na Mshtarii yote ina joto kupita hapo. Utashuka, mazingira yazidi kuwa mazito, basi. Ardhi huikuti, bahari huikuti. Ule "uso" wa vitabuni, kilomita 71,492 kutoka katikati, ni kipimo cha makubaliano tu: pale presha inapofika bar 1, karibu sawa na ya hewa yetu usawa wa bahari. Na hicho kiini, vipimo vya Juno, chombo cha NASA kilichotumwa huko, vyaonyesha kimetawanyika ndani ya haidrojeni, hakina ukingo.

Wa Mwembe Tayari: Sawa yakhe, lakini Galileo, chombo cha NASA, ilipeleka kichunguzi kikashuka. Kizidishiwe unene wa ukuta.

Wa Tudor: Hebu tukitazame hicho hicho. Tarehe 7 Desemba 1995, kilo 339, kiliingia kwa kasi ya kilomita 47 kwa sekunde. Ngao ya joto ilikuwa kilo 152, na kama 80 ziliteketea. Parachuti ilichelewa sekunde 53, yaelekea kwa sababu ya nyaya zilizofungwa vibaya, ndipo vipimo vya tabaka za juu vikakosekana. Baadaye kiliongea kwa dakika 58 hivi, kikanyamaza presha ikiwa bar 22 na joto nyuzi 153.

Sasa bar 22 si kitu, ni kama mita 210 chini ya bahari, nyambizi zafika. Kilichoua redio ni joto. Ukuta mnene huzuia presha. Joto hulipunguzia mwendo tu. Aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660, titani 1,668, na huko ndani ni maelfu kwa maelfu.

Wa Likoni: Wa kuniambia "kisimame kwa injini" apige hesabu kwanza. Mvutano ni mita 24.8 kwa sekunde mraba. Hata kwa injini bora ya haidrojeni na oksijeni, kuelea dakika kumi kwataka kama kilo 28 za fueli kwa kila kilo ya chombo. Wala msiseme tutachoma haidrojeni ya huko huko: oksijeni iko wapi?

Wa Mwembe Tayari: Basi puto. Warusi walielea Zuhura mwaka 1985, karibu siku mbili.

Wa Kisauni: Zuhura hewa yake ni kaboni dayoksaidi, nzito, heliamu yaelea bila taabu. Mshtarii hewa yenyewe ni haidrojeni na heliamu. Ukijaza haidrojeni safi, kwenye bar 1 mita moja ya ujazo hunyanyua gramu 20 hivi. Mzigo wa kilo 100 wataka mita za ujazo 5,000, na kitambaa cha puto bado hujakipima. Ukiipasha haidrojeni moto wapata zaidi, lakini ndipo uulizwe moto watoka wapi wa kuelea, tuseme, miezi mitatu. Mimi hapo ndipo ningeweka pesa ya utafiti, si kwenye kutua.

Wa Likoni: Mimi ningeipeleka Titan, mwezi wa Zohali. Una ardhi, na kichunguzi Huygens kilitua pale 14 Januari 2005.

Wa Mwembe Tayari: Maalim, swali ni Mshtarii, si miezi ya sayari nyingine. Kile cha Galileo kiliangukia eneo kavu, maji yakapimwa machache kuliko ilivyotarajiwa. Sehemu moja haitoshi. Wapeleke vinne, latitudo tofauti.

Wa Tudor: Hilo nakuunga mkono, ila kila kimoja kitahitaji chombo mama juu yake cha kupokea mawimbi, kwa sababu antena ndogo haifiki duniani. Chombo mama kikipita upeo wa macho, habari imekatika hata kama kichunguzi kizima. Vinne kwa mpigo vyataka ratiba ya mizunguko itakayowakosesha watu usingizi.