Naomba ushauri: tarehe 7 na 20 zinanikuta bado nina mafaili mezani

Karani_Msimbazi
Wakuu habari za jioni. Nipo ofisi ndogo ya uhasibu hapa Kariakoo, mimi na mwenzangu mmoja, pamoja na bosi. Tunashika vitabu vya wafanyabiashara wa vitenge, spea, vifaa vya ujenzi na mgahawa mmoja. Wenye kazi hii mnajua kalenda yake: PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) mwisho tarehe 7, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) tarehe 20, na ikifika Machi, Juni, Septemba na Desemba kuna awamu za kodi ya mapato. Kazi yenyewe naiweza. Kinachonishinda ni kutulia nayo.

Saa tatu asubuhi nafungua faili la mteja. Sijafika nusu ya ankara, simu ya ofisi inaita. Huyu katuma picha ya risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti) imekunjamana, haisomeki. Yule anauliza deni lake kwa TRA (Mamlaka ya Mapato) limefikia ngapi. Bosi naye anataka barua ya benki, sasa hivi. Nikirudi kwenye faili sikumbuki nimeishia wapi, naanza upya. Ofisi inakuja kutulia saa kumi jioni, kichwa kimeshachoka. Tarehe 5 na 6 nalala saa nane usiku.

Ratiba nimeandika, haivuki saa nne. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Mzee_wa_Tandika
Amka saa kumi alfajiri kijana. Vijana wa siku hizi mnalala sana.

Karani_Msimbazi
Shikamoo mzee. Natokea Chanika, saa kumi na moja nipo kituoni tayari.

Dada_Leja
Jaribu pomodoro. Aliianzisha Mwitaliano, Francesco Cirillo, akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Unafanya kitu kimoja dakika 25, unapumzika 5, ukimaliza mizunguko minne unapumzika zaidi. Ila usitumie simu kuhesabu muda, utajikuta kwenye status za watu.

Kibubu
Dakika 25 kwa mahesabu? Nikiwa nalinganisha daftari na taarifa ya benki, hapo ndipo naanza kunusa tofauti iko wapi, halafu kengele ilie! Labda kwa kazi ya kuingiza risiti. Mimi naenda saa moja na nusu bila kuinuka.

Mama_Ukaguzi
Mwanangu, hapa sioni tatizo la umakini. Kazi ya tarehe 7 unaianza tarehe 5 kwa sababu ndipo karatasi zinapokufikia, na hapo hata uwe na utulivu wa namna gani utakesha tu.

Chukua mishahara. Wafanyakazi wengi mshahara wao haubadiliki. Tarehe 25 orodha iwe imeshaandaliwa, ubaki kuongeza walioingia, kutoa walioondoka na kuweka saa za ziada. VAT usisubiri mfuko wa rambo uliojaa risiti. Kila Ijumaa zikufikie za wiki hiyo, na tarehe 12 unafunga. Risiti ya manunuzi iliyochelewa sheria inaruhusu kuidai mwezi unaofuata. Mauzo hayasubiri, kwa hiyo anza nayo.

Na hilo la kusahau ulipoishia: weka tiki ya penseli kwenye kila ankara uliyoingiza, na kabla hujainuka andika kwenye kikaratasi kinachofuata ni nini. Bosi akikuita, mwombe nusu dakika uandike. Hawezi kukunyima nusu dakika.

Karani_Msimbazi
Nimekuelewa mama, ahsante sana. Shida ni simu. Bosi anataka mteja ajibiwe palepale.

Kibubu
Na ana haki. Kariakoo usipomjibu mtu anapanda ngazi tu, ghorofa ya juu kuna mhasibu mwingine.

Mama_Ukaguzi
Akipigwa faini ya kuchelewa atapanda hizo ngazi kwa kasi zaidi. Karani, usiende kwa bosi kuomba utulivu, atakuona mvivu. Nenda na orodha ya faini walizolipa wateja wenu mwaka jana, kisha omba zamu: mwenzako ashike simu asubuhi, wewe mchana. Mteja atajibiwa vilevile.

Karani_Msimbazi
Mrejesho wakuu. Mwenzangu kakubali zamu. Bosi kaiangalia ile orodha kimya, kasema tujaribu mpaka tarehe 20. Sasa naomba maneno ya kuwatumia wateja kuhusu Ijumaa, wasione tunawapangia.

Dada_Leja
Nakili huu: "Habari boss wangu. Ili ritani yako ya kodi iende mapema na ujue kodi yako kabla ya tarehe ya kulipa, tunaomba risiti za wiki kila Ijumaa kabla ya saa kumi jioni. Piga picha moja moja, namba na tarehe zionekane. Ukiwa na haraka, piga simu." Wa vitenge wapigie kabisa, hao huwa hawasomi.