Niliwalea wadogo zangu hadi wakajitegemea. Nikitaka kupendwa nitaonekana ninadai?

Mwalimu Mstaafu, Kibosho

Ninawasalimu nyote. Mimi ni mwanamke, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mzaliwa wa kwanza katika familia ya watoto sita huku Kibosho, mlimani Kilimanjaro. Nina jambo ambalo nimeshindwa kumweleza mtu yeyote anayenifahamu kwa sura, kwa sababu kila ninapolianza hunigeukia mdomoni likawa dai, na mimi sidai.

Baba yetu alifariki mwaka 1987, wakati mimi nikiwa bado mgeni katika ajira. Mama alibaki na kihamba, yaani shamba la ukoo, chenye kahawa, na mwanzoni malipo ya kahawa yaliyopitia chama cha msingi cha ushirika yalitosha kununua sare na mahitaji madogo ya nyumbani. Baada ya mfumo wa mgao wa kahawa duniani kuvunjika mwaka 1989 bei ilianguka, na wenye kumbukumbu ya miaka ile wanajua jinsi watu wa mlimani walivyoanza kuitelekeza mibuni, na wengine kuing'oa kabisa. Kuanzia hapo mshahara wangu ndio uliokuwa ada, michango ya shule, nauli za kwenda bweni na dawa za mama. Wadogo zangu wote watano wamesoma, wana kazi na wana familia zao, na ninapowatazama wakishuka kwenye magari yao kila Desemba ninafurahi kweli, wala sisemi hivyo kwa kujikaza.

Katika miaka ile mwalimu mwenzangu, mtu wa Babati, alileta posa. Nilimwomba asubiri hadi kitindamimba wetu amalize kidato cha nne. Alisubiri kwa muda, kisha akapata uhamisho, kisha akaoa, nami sikuwa na neno la kumlaumu.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike. Mwaka jana tulifanya sherehe ya kumuaga binti wa mdogo wangu katika ukumbi mmoja wa Moshi mjini. Binti huyo aliishi kwangu tangu darasa la kwanza hadi alipomaliza la saba, wazazi wake wakiwa wanahangaika na maisha Dar es Salaam. Ulipofika wakati wa keki, mshereheshaji aliwaita wazazi, akawaita wakwe, paroko, mwenyekiti wa kamati na hata mwakilishi wa wafanyakazi wenzake, na kila aliyeitwa alilishwa kipande na kupigiwa vigelegele. Mimi nilikuwa nimeketi kando ya kreti za soda, kwa kuwa niliombwa nizisimamie zisipotee. Baadaye ndafu, yule mbuzi mzima wa kuokwa, ilipokatwa, mdogo wangu aliniletea nyama kwenye sahani ya plastiki, akaniambia, "Dada, kula, umechoka," kisha akarudi haraka kwenye meza ya wakwe. Hakunikosea adabu, na nyama niliila. Ila tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kama kuna mtu hata mmoja ambaye, akiulizwa ghafla ni nani anayempenda, jina langu lingemjia.

Nilipostaafu mwaka 2023 simu zilikuwa nyingi. Karibu kila mmoja aliuliza kama mafao yametoka, na mmoja alikuwa na mpango wa kununua gari aina ya Noah la biashara. Nilipowaeleza kwamba kwa kikokotoo cha pensheni kilichoanza Julai 2022 malipo ya mkupuo wakati huo yalikuwa asilimia 33, na kilichobaki hulipwa kidogo kidogo kila mwezi, simu zilipungua.

Naomba mnielewe: sijutii kuwasomesha. Ninachojutia ni kwamba katika kuwahangaikia sikujiwekea mtu wangu. Je, mtu aliyejitoa kwa hiari anaweza kuomba kupendwa bila kuonekana analeta hesabu? Desemba wote watapanda mlimani kama ilivyo desturi yetu, kutakuwa na kikao cha familia, na sijui kama niseme au ninyamaze tena.

Kaka wa Sakina, Arusha

Dada, pole sana. Nitakuwa mkweli hata kama itauma. Wazee walisema asante ya punda ni mateke, na kwa niliyoyaona katika ukoo wangu, ndugu aliyezoea kubebwa haamki siku moja akakumbuka mgongo uliombeba. Usiseme chochote kikaoni. Chukua pensheni yako, jiunge na kikundi cha wanawake wa rika lako, fanya safari, na anayekutaka atakufuata huko.

Jambo la pili ni muhimu zaidi. Umetaja kihamba lakini hukusema nyumba unayoishi imesimama kwenye ardhi ya nani. Kwa mila zetu kihamba cha baba hurithiwa na kitindamimba wa kiume, na dada ambaye hakuolewa huonekana mgeni katika nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu ya kisheria. Nenda ofisi ya kijiji ukaulizie hati ya hakimiliki ya kimila kabla ya Desemba. Mapenzi yatakuja au hayatakuja, lakini paa liwe lako.

Mama wa Njiro

Kaka, ushauri wako wa ardhi ni mzuri, na mwalimu auzingatie, ila hakuuliza habari za ardhi. Ninadhani hicho ndicho kinachomuumiza: kila anapofungua mdomo watu husikia mali. Akisema ana upweke, wanasikia kihamba. Akisema amesahauliwa, wanasikia mafao. Hata sisi hapa, kabla hajamaliza kueleza, tumeshamtafutia hati. Tena hao wadogo zake usiwaite punda, maana mimi ni mmoja wao.

Nilisomeshwa na dada yangu. Nilipoanza kupata mshahara nilimpelekea kitenge kizuri kutoka dukani pale Arusha mjini. Alikikunjua, akapima upana wake kwa mkono, akakikunja tena kwa uangalifu, akasema, "Hela hii ungemlipia mtoto wako ada." Mwaka uliofuata nilipeleka viatu, navyo akampa jirani. Sikuelewa kama anakataa zawadi au ananikataa mimi, na baada ya muda niliacha kupeleka, nikawa natuma pesa ya mbolea tu kwa simu kwa sababu hiyo aliipokea bila maneno. Ukimuuliza leo atakwambia sijawahi kumshukuru.

Kuna jambo jingine ambalo sisi tuliolelewa hatulisemi. Tunaogopa. Mtu aliyekupa kalamu unamshukuru mara moja na mambo yanaisha, lakini aliyekupa maisha yake utamwambia nini? Asante inakuwa ndogo mno hata inaonekana kama dhihaka, kwa hiyo unaiahirisha hadi upate kitu kinacholingana, kitu hicho hakipatikani, miaka inapita, na mwishowe unaona aibu hata kumtazama usoni kwa muda mrefu. Huenda yule aliyeleta sahani ya nyama na kukimbia ni mtu wa namna hiyo. Sisemi kwamba ndivyo alivyo. Nasema usimhukumu kwa sahani peke yake.

Nikuulize kitu kimoja, mwalimu: wamewahi kujaribu, nawe ukawaambia hakuna shida?

Mzee wa Old Moshi

Mwalimu, nakusalimu kwa heshima. Nimesoma habari ya keki mara mbili, na nataka kusema kwamba mshereheshaji hakukusahau, kwa sababu hakuwa na wajibu wa kukukumbuka. Yeye alisoma orodha, na orodha ya ukumbini siku hizi huandikwa na kamati, nayo kamati hufuata michango na vyeo.

Zamani mbuzi alipochinjwa nyumbani, heshima haikutegemea kumbukumbu ya mtu. Kila mwenye nafasi katika ukoo alikuwa na sehemu yake ya nyama, inajulikana, na aliyekosea kuigawa aliulizwa mbele za watu. Sipendi kuisifu mila yote, kwani mila hiyohiyo ilimnyima binti kihamba, kama kaka wa Sakina alivyosema. Lakini ilikuwa na hekima hii, kwamba mtu hakuachiwa kazi ya kujitangaza ili aonekane. Tulipohamia ukumbini tuliichukua ndafu tukaiacha ile kanuni, na sasa ndafu yenyewe imepambwa na kutiwa majani mdomoni huku wanaostahili sehemu zake wakikaa kando ya soda.

Kwa Wachaga tuna isale, jani la mmea wa kuombea msamaha, kwa aliyekosa. Akija nalo kuomba msamaha, aliyekosewa huona vigumu sana kumkatalia. Hatuna mmea wa mtu anayetaka kukumbukwa, kwa hiyo usijaribu kulibeba jambo hili mwenyewe. Ukisimama kikaoni ukasema "mimi niliwasomesha," hata kama kila neno ni kweli, watakusikiliza kama watuhumiwa wanavyosikiliza mashtaka, na kila mmoja atatafuta utetezi wake. Tafuta mtu mwingine akusemee. Awe shemeji au mjomba, mtu anayeheshimika na asiyekuwa na faida yoyote katika jambo hili, naye aseme siku ya kawaida, si siku ya kikao. Posa haipelekwi na mwoaji, hupelekwa na mshenga, na sioni kwa nini moyo wa dada mkubwa usipate mshenga wake.

Kuhusu yule mwalimu wa Babati, sitakwambia ni mapenzi ya Mungu, maana maneno hayo hutumika kumnyamazisha mtu. Ulifanya uamuzi mgumu katika mwaka mgumu. Una haki ya kuusikitikia na bado ukaamini kwamba ulikuwa sahihi.

Kijana wa Machame

Shikamoo shangazi, naomba nikuite hivyo. Wote waliotangulia wamezungumzia wadogo zako, lakini mimi ninamfikiria yule binti. Nami nililelewa na shangazi kwa miaka kadhaa. Siku ya sherehe yangu sikujua nani ataitwa na nani hataitwa, kwa sababu kamati ilinionyesha ratiba usiku wa kuamkia sherehe, nami nilikuwa natafuta viatu. Nilipokuja kugundua kwamba shangazi hakutajwa, nilisikitika, kisha nikaogopa kumpigia kwa sababu nilidhani amekasirika. Yeye naye alikuwa anangoja nimpigie. Tulikaa hivyo hadi alipougua na kulazwa, ndipo tukaongea, na tulipoongea mambo yalikwisha kwa dakika chache.

Mpigie binti, shangazi. Usimtaje mtu wa keki wala kamati. Mwulize tu habari za ndoa yake, kisha mwambie umemkumbuka. Aliyekaa nyumbani kwako miaka yote hiyo anajua maana ya sauti yako kuliko wazazi wake.

Mwalimu Mstaafu, Kibosho

Ninawashukuru wote, hata aliyeniambia ukweli unaouma. Nitajibu kwa kifupi.

Kaka wa Sakina, nyumba imo ndani ya kihamba na kitindamimba hajawahi kunisumbua kwa hilo, lakini nitakwenda ofisi ya kijiji kama ulivyoshauri. Nitakwenda Januari wakishaondoka. Nikienda sasa, habari itafika Dar es Salaam kabla yangu, na Krismasi yote itakuwa ya ardhi.

Mama wa Njiro, swali lako nimelipima kwa haki. Kitenge sikukikataa, kwa sababu sikuletewa. Hata hivyo nimekuelewa kuhusu hofu ya anayedaiwa kitu kisicholipika, na nimeanza kumtazama yule wa sahani kwa jicho jingine. Alikuwa mtoto aliyelia sana mama alipougua, na mimi ndiye niliyelala naye kitanda kimoja. Inawezekana kabisa kwamba anakumbuka. Ninakuomba jambo moja kwa niaba ya dada yako: mpelekee kitenge kingine. Akikupa tena ushauri wa ada, mwambie ada imelipwa, kisha umshonee wewe mwenyewe.

Mzee, ninakubaliana nawe kuhusu kikao. Nina shemeji mmoja, mume wa mdogo wangu wa tatu, ambaye ni mtu wa Same na hana sehemu yoyote katika kihamba chetu, na wote humsikiliza. Nitamwomba aseme, ila sitaki aseme habari za ada wala mafao. Nitamwomba kitu kimoja tu. Kila mwaka Krismasi yenyewe nyumba hujaa, kisha tarehe 26 asubuhi magari yote hushuka, wengine kwa wakwe, wengine kwa marafiki mjini, nami hubaki na masufuria. Nataka mmoja wao abaki na watoto wake hadi mwaka mpya. Asilete chochote. Abaki, tupike, aniulize maswali, anione nilivyo sasa maana nimebadilika na hawajui.

Kijana wangu, marahaba. Nilimpigia binti leo mchana kabla sijamaliza kusoma majibu ya wengine. Hakupokea, lakini ameandika kwamba yuko kazini na atanipigia jioni.