Wakuu, naombeni ushauri: bunduki ya marehemu babu imeliwa na kutu

Kijana wa Temeke: Habari za jioni wanajukwaa. Wiki iliyopita fundi bati alipanda darini nyumbani kwa marehemu babu, akashuka na kitu kimeviringishwa kwenye gunia la katani. Kufungua, bunduki! Ndefu, kitako cha mbao kimekauka hadi kina nyufa, chuma chote kutu ya rangi ya udongo mwekundu. Babu alipigana nayo vita vya Mjerumani. Nataka ing'ae, niitundike sebuleni. Nimeshaanza na msasa na dizeli. Kwenye mbao nipake nini? Matusi sitaki.

Fundi Keko: Vanishi usiguse, inakaa juu kama nailoni. Futa vumbi, paka mafuta ya kitani kwa kitambaa, kidogo sana, acha siku nzima, rudia. Kuna kabati la mninga nililifufua hivyo, ukiliona utasema jipya. Mwenye kabati hadi leo hajamalizia laki mbili. Kama yumo humu, ajue nipo.

Mama Zai: Wenzako sebuleni tunatundika picha ya harusi. Silaha na watoto nyumba moja, mtakuja kulia hapahapa.

Afande Mstaafu: Weka msasa chini kijana. Msasa unafuta namba, na bunduki isiyo na namba polisi hawaiiti urithi. Kutu ya juu inatoka kwa stilwaya laini na mafuta mepesi, taratibu. Ndani ya mtutu ni habari nyingine. Kama ni ile .303 ya Mwingereza, fataki za risasi zake za zamani, yaani viwashio vya baruti, ziliacha chumvi, na chumvi hiyo mafuta hayaiyeyushi. Wazee walimimina kwanza maji yaliyochemka, wakakausha, ndipo wakapaka mafuta. Kwa hewa hii ya bahari, ukiruka hatua hiyo kutu inarudi. Sasa maswali mawili: kibali kiko wapi? Na umeikoki ukaona chemba ni tupu?

Kijana wa Temeke: Shikamoo afande. Kibali nadhani kipo kwenye makaratasi ya babu, mjomba anatafuta. Ila mimi nimeuliza kusafisha, tusihame mada.

Mkwe wa Kilombero: Baba mkwe alikuwa na gobole la kufukuzia nguruwe pori mpungani. Siku alipolifyatua, moshi ulipotulia nguruwe yupo anakula, mzee ndiye yuko chini kwenye tope. Kesho yake alianza kuwafukuza kwa kupiga debe.

Sukari Guru: Chai hii. Vita vya Mjerumani viliisha Novemba 1918. Kwenye uzi wako wa mirathi ulisema babu alifariki 2011 akiwa na miaka 79. Alipigana akiwa tumboni mwa nani? Halafu askari wa KAR, jeshi la Mwingereza Afrika Mashariki, alirudisha bunduki ghalani, hakurudi nayo kijijini kama mwavuli. Yule askari wa sanamu ya shaba pale Posta kaishika tangu 1927, hata yeye hajaruhusiwa kwenda nayo nyumbani.

Mzaramo Halisi: Sogezeni vitumbua. Kesho analeta rupia na zebaki nyekundu.

Kijana wa Temeke: Si chai jamani! Pembeni kuna alama ya taji, herufi GR za mfalme George wa Uingereza, na 1917, ndiyo maana nikasema vita. Nilitia chumvi, samahani. Ukweli babu alikuwa askari wa wanyamapori Selous. Alipostaafu akaondoka nayo. Au walimwachia, sijui.

Sukari Guru: Kwa hiyo si ya babu. Ni ya serikali.

Kijana wa Temeke: Imekaa darini miaka yote hiyo, nani kaiulizia? Mjomba anasema tukiipeleka polisi tutaulizwa ilikuwa wapi. Na fundi wa pale mtaa wa Gerezani nimeshamwachia elfu thelathini, Jumamosi anaifungua kwa moto wa gesi. Ni mtu wa heshima, kaka yake rafiki yangu.

Afande Mstaafu: Anafungua nini?

Kijana wa Temeke: Mkono wa kukoki. Umeganda. Niliugonga kwa nyundo ya mpira, haukusogea.

Afande Mstaafu: Kwa hiyo ndani hujaona.

Kijana wa Temeke: Sijaona.

Afande Mstaafu: Mwanangu, risasi haingoji triga. Joto la ile gesi linatosha. Iko wapi sasa hivi?

Kijana wa Temeke: Chini ya kitanda cha mama.

Afande Mstaafu: Usiitoe, usiigeuze. Watoe watu wote chumbani, funga mlango, ufunguo kaa nao wewe. Nenda na mwenyekiti wa mtaa mkatoe taarifa kituoni, waje kuichukua wenyewe. Bodaboda usithubutu. Na mjomba aache kutafuta karatasi, kibali ni cha mtu, hakirithiwi pamoja na makochi. Kuna sheria ya silaha ya 2015, kamsomee.

Mzaramo Halisi: Akiifunga na kanga apande nayo mwendokasi je?

Mama Zai: Wewe nawe! Kijana, mama ameshatoka humo chumbani?

Kijana wa Temeke: Ametoka, amekaa barazani ananuna. Mwenyekiti anakaa nyumba ya tatu, ila yeye na mjomba hawasalimiani tangu ugomvi wa ukuta. Nikamwambieje?

Fundi Keko: Mwambie kama ulivyotwambia sisi mara ya pili, si mara ya kwanza.