Naitwa Siwatu: nibadili jina au niliache?

BintiPangani
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naitwa Siwatu, mzaliwa wa Pangani. Jina nilipewa na bibi mzaa mama. Shuleni nilitaniwa nikazoea, lakini juzi kwenye usaili wa kazi bwana mmoja kasoma cheti changu, kainua macho: "Kwa hiyo wewe si mtu?" Wenzake wakacheka. Nilitoka pale machozi yananilengalenga. Nataka niende kwa wakili nibadili, niitwe Salma. Bibi kashafariki, na mama hapendi kulizungumzia. Wazee walikusudia nini?

Mzee wa Makorora
Pole mwanangu. Huyo bwana hajasikiliza Kiswahili. Ungekuwa unasemwa wewe, ungeitwa Simtu. Jina lako ni Si-watu: wengi, na wako nje yako. Ni fumbo, kama maneno ya kanga. Aliyeivaa siye anayesemwa. Mama akijifungua huku ana dhiki na mawifi au majirani, hagombani nao. Anamwita mtoto Siwatu, Siwema, Sikudhani. Kila akiita "Siwatu, njoo ule!" ujumbe unavuka ua. Muulize mama: nilipozaliwa, kina nani hawakuwa watu?

Doto_wa_Shinyanga
Kwetu Usukumani jina linaeleza tu ulivyokuja. Pacha wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, anayewafuata Shija. La kwako dada lina kisa. Usilitupe kabla hujakijua.

Mwanaidi
Mimi nilizaliwa Idi, kaka yangu Khamis ni wa Alhamisi, yamekwisha. Ila ulizia pia kama ulitanguliwa na waliofariki. Wapo walioitwa Tabu au Mtumwa makusudi, ili kifo kisiwatamani.

BintiPangani
Ahsanteni sana. Jana baada ya Isha nilimpigia mama. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Baba alifariki mimba yangu ina miezi saba. Ndugu zake wakaja, matanga hayajaanuliwa, wakabeba kitanda, cherehani na mbuzi wawili. Mama akabaki analala kwenye mkeka na tumbo lile. Bibi ndiye aliyenipokea. Alipomaliza kunikata kitovu alipaza sauti, waliokaa barazani wasikie: "Huyu ni Siwatu."

Shikamoo Mzee wa Makorora. Kwa wakili siendi tena. Baba mkubwa aliyebeba cherehani yu hai, na kila Idi nikienda kumwamkia ananiita kwa jina hilo hilo.