Naomba ushauri: insha ya historia ya Marekani inanitoa jasho

BintiVoi: Habari zenu wanajamvi. Nasoma chuo cha serikali hapa Houston. Texas historia ya Marekani ni lazima, hata kama unasomea uuguzi kama mimi. Nilijiandaa kukariri marais na vita, kumbe mwalimu hataki hayo. Kila wiki anauliza yale yale: nani alikuwa na mamlaka, rangi ilitumiwaje kuyalinda, na nani alilazimisha mambo yabadilike. Sasa ametupa insha: kwa nini uhuru wa 1865 haukutosha? Mimi najua vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisha, utumwa ukafutwa, halafu naruka hadi Martin Luther King. Miaka tisini ya katikati ni giza tupu. Nianzie wapi? Mada imenishika kweli, sitaki kunakili.

Mzee_Kitabu: Karibu binti yangu. Acha kwanza vitabu vinene, anza na karatasi moja iliyotolewa hapo jirani yako. Tarehe 19 Juni 1865, Jenerali Gordon Granger wa jeshi la Kaskazini lililoshinda vita alitoa Amri ya Jumla Namba 3 mjini Galveston. Watu husherehekea mwanzo wake: watumwa wote ni huru. Wewe isome mpaka mwisho. Inataja usawa wa haki za mtu na za mali, kisha inasema bwana na mtumwa sasa ni mwajiri na kibarua. Halafu inawashauri walioachiwa wabaki walipo kwa utulivu, wafanye kazi kwa ujira, na kuwaonya kwamba hawataruhusiwa kukusanyika kwenye kambi za jeshi wala kusaidiwa wakikaa bure.

Sasa jiulize: shamba la nani? Nyumbu wa kulimia ni wa nani, mbegu za nani, ghala la nani? Mtu anaingia kwenye mkataba mikono mitupu, na aliyeshika mpini ni yule yule. Mapema mwaka huo Jenerali Sherman, naye wa jeshi la Kaskazini, alikuwa ametenga ardhi ya pwani ya South Carolina, Georgia na Florida, hadi ekari 40 kwa kila familia. Mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson akaanza kuwarudishia wenye mashamba wa zamani. Kwangu mimi insha yako iko hapo, kwenye ardhi.

Mchumi_Njoro: Mzee shikamoo. Kuhusu ardhi nakubali, lakini basi hilo ni suala la tabaka, si la rangi. Wazungu maskini nao walilima kwa kugawana mavuno, wakazama kwenye madeni. Kodi ya kura ya Texas ya 1902, yaani kulipa ndipo upige kura, iliwaumiza na wao. Dada, usione rangi kila mahali.

MamaZuhura: Mchumi, hao wazungu walinyonywa, sibishi. Ila tabaka pekee halimwelezi Lonnie Smith. Huyu alikuwa daktari wa meno hapo hapo Houston, msomi, mwenye kipato chake. Mwaka 1940 akanyimwa kupiga kura ya mchujo ya chama cha Democratic kwa sababu ni Mweusi. Texas ya wakati ule ilikuwa kama ngome za vyama huko kwetu: ukishinda mchujo umemaliza. Aliyefungiwa mchujo hakuwa na kura yoyote ya maana, awe tajiri au fukara. Ilibidi kesi ifike Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1944 Smith akashinda.

Na BintiVoi, usipite Marekebisho ya 13 ya Katiba bila kusimama. Yamefuta utumwa *isipokuwa* kama adhabu ya kosa. Kupitia mlango huo wafungwa walikodishwa kwa wenye mashamba ya miwa na kampuni za reli. Mwaka 2018 huko Sugar Land, nje kidogo ya Houston, mafundi wa ujenzi wa shule walifukua makaburi. Yalifika 95, na wanaaminika kuwa wafungwa Weusi waliokodishwa. Nenda ukapaone. Mimi nilishindwa kuongea siku nzima.

Wakili_Pwani: Nyongeza kwa Mkenya mwenzangu. Wakili aliyemtetea Smith ni Thurgood Marshall. Mwaka 1960 huyo huyo alikuwa London, mshauri wa wajumbe wetu kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, akiandika rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya Kenya. Kwetu Kenya Wazungu ndio walikuwa wachache waliotaka ulinzi, hasa wa mashamba yao. Mwulize mwalimu kama unaweza kuligusa jambo hilo.

BintiVoi: Shukrani sana, Mzee shikamoo. Mama Zuhura, Sugar Land nitaenda. Nina hofu moja: nikiandika hivi, watu Weusi wataonekana wa kutendewa tu.

MamaZuhura: Hofu nzuri hiyo, mdogo wangu. Basi weka Emancipation Park. Mwaka 1872 waliokuwa watumwa, mchungaji Jack Yates akiwamo, walichanga fedha wakanunua ekari 10 hapo Houston ili wawe na mahali pao pa kusherehekea uhuru. Miaka saba tu tangu Galveston! Ardhi waliyonyimwa wakainunua. Iweke katikati ya insha, usiifanye pambo la mwisho.

BintiVoi: Nitafanya hivyo. Mzee, hiyo amri naipata wapi?

Mzee_Kitabu: Marahaba binti. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa kule Washington wameiweka mtandaoni, nakala ya mkono kabisa. Ichapishe, uisome na kalamu mkononi, kisha urudi hapa na aya yako ya kwanza tuione.