Baiskeli, watembeaji na farasi njia moja Msitu wa Ngong Road: tupishane vipi?

GiaNdogo
Habari wakuu. Kundi letu la baiskeli litapita Msitu wa Ngong Road, Nairobi, Jumamosi asubuhi, watu 12, nusu yao wageni wa njia za udongo. Upande ule wa uwanja wa mbio za farasi hukosi farasi, na watembeaji nao wamo. Najua baiskeli ndiyo inayopisha. Ninachoulizia ni utaratibu wenyewe: tusimame wapi, kengele ipigwe au la, na walio nyuma ya kundi wafanyeje?

Tandiko
Baiskeli humpisha kila mtu, na mtembeaji humpisha farasi. Hiyo si adabu tu. Macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa na kipande kidogo mbele ya pua. Baiskeli inayokuja kimya kutoka nyuma humtokea ghafla ikiwa karibu, na kwake chochote kinachonyemelea nyuma ni simba. Atakurupuka kwanza, atatazama baadaye.

Ukimkuta mbele yako, acha kukanyaga pedali mkiwa mita 30 hivi, useme kwa sauti ya kawaida: "Habari, baiskeli nyuma, tuko 12." Kengele waachie watembeaji. Sauti ya mtu farasi anaijua. Kisha ngoja jibu. Mpandaji ndiye atakayemgeuza mnyama awaone, au atafute palipo papana. Akiwaruhusu, piteni mwendo wa kutembea, mmoja mmoja, mbali na miguu ya nyuma. Mita 3 ziwepo, teke hufika mbali kuliko watu wanavyodhani.

Mkikutana uso kwa uso, simama, shuka, kaa upande wa chini wa mteremko. Kitu kilicho juu yake humtisha zaidi, na akishtuka mara nyingi hukimbilia juu. Kama upande wa chini ni korongo, usijitie huko, muulize mpandaji. Na usijibanze nyuma ya kichaka ukidhani unamsaidia: atakusikia na kukunusa bila kukuona, hapo ndipo huharibika.

Utepe mwekundu mkiani maana yake farasi huyo hupiga teke. Lakini si kila mpandaji huufunga, kwa hiyo kutouona hakukupi kibali cha kusogea.

Spoki32
Hayo yote yanategemea uweze kusimama. Kwa kilomita 25 kwa saa unaenda karibu mita 7 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka, kisha breki kwenye udongo mkavu, jumla ni mita 15 hivi. Udongo mwekundu ukilowa hesabu mita 23 au zaidi. Kwenye kona, mwendo uwe wa kukuwezesha kusimama ndani ya *nusu* ya njia unayoiona, maana anayekuja upande wa pili naye anaihitaji nusu yake.

Breki za diski zinazolia kama filimbi zirekebishwe kabla ya Jumamosi. Kwa kawaida ni mafuta ya mnyororo yaliyorukia diski. Futa diski kwa spiriti ya isopropili na kitambaa safi, kwaruza pedi (vile vipande vinavyobana diski) kwa msasa mpaka mng'ao uishe. Pedi iliyokwisha kunyonya mafuta haiponi, nunua mpya. Kisha zizoeshe: kimbia kilomita 20 kwa saa, kamata breki kwa nguvu bila kusimama kabisa, rudia mara 20.

Watu 12 pamoja ni wengi. Gawa sita sita, dakika 5 kati yao. Wa kwanza ataje idadi, wa sita aseme "mimi wa mwisho". Bila hilo mpandaji analegeza hatamu na mtu wa tano anachomoka kichakani.

MguuSawa
Kwa sisi wa miguu: kengele ipigwe mapema. Ikipigwa mita 3 mgongoni mwa mtu, anaruka upande wowote, pengine ule ule unaopitia. Sema "napita kulia". Asipogeuka, huenda ana spika masikioni, basi punguza mwendo mpaka akuone. Wenye mbwa, kamba fupi isiyozidi mita 2, si ile ya kujikunja.

GiaNdogo
Asanteni. Na mpandaji akiangushwa?

Tandiko
Wote simameni hapo hapo. Msimkimbilie farasi, mtazidi kumfukuza. Mara nyingi hurudi kwa wenzake au zizini, kwa hiyo mmoja apige simu getini wajue kuna farasi aliye huru. Aliyeanguka msimwinue wala msimvue helmeti kama analalamika shingo au hajibu vizuri. Mmoja ashikilie kichwa kisitikisike, mwingine asimame njiani mita 50 nyuma kuzuia wanaokuja.