MJADALA: Shule ndogo za vijijini zinafelishwa na hesabu ya vichwa

Wadau wa elimu, naomba tulijadili hili bila kuzunguka. Matokeo ya darasa la saba yakitoka, shule ndogo za vijijini zinasomwa mwishoni mwa orodha na walimu wake wanasimamishwa kikaoni kujieleza. Msimamo wangu ni kwamba tunazionea. Fedha na walimu vinagawiwa kwa kuhesabu vichwa, na hesabu hiyo inaibana shule yenye watoto wachache kabla hata muhula haujaanza.

Tuanze na fedha. Katika utaratibu wa elimu bila malipo ulioanza hapa Tanzania Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni Sh10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Sh4,000 zinabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, Sh6,000 zinaingia akaunti ya shule, yaani Sh500 kwa mwezi. Shule ya mjini yenye watoto 2,000 inapata milioni moja kila mwezi. Haitoshi, ila mwalimu mkuu ana cha kupangia. Shule ya watoto 120 inapata Sh60,000. Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu ni Sh200,000 kwa mwezi. Siipingi, anaistahili. Lakini tazameni: shule nzima inaendeshwa kwa fedha isiyofika theluthi ya posho hiyo.

Na matumizi mengi ya shule hayafuati idadi ya watoto. Mlinzi ni mmoja. Nauli ya kupeleka taarifa halmashauri haipungui kwa sababu shule yako ni ndogo, na mara nyingi shule ndogo ndiyo iliyo mbali zaidi. Fedha ikikata, kinachokufa kwanza ni majaribio ya kuchapa. Mwalimu anaandika maswali ubaoni, watoto wanayanakili kwenye daftari, nusu ya kipindi inaishia hapo. Aliyekaa nyuma na macho yake hayaoni vizuri ananakili 18 badala ya 13, anakokotoa sawasawa kabisa, anapata kosa. Halafu tunasema hajui hesabu.

Walimu ndiyo balaa zaidi. Kwa uwiano wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, shule ya watoto 120 inastahili walimu watatu, na kwenye makaratasi ya ikama, yaani idadi ya walimu ambayo shule inastahili, inaonekana imekamilika. Madarasa ni saba, ukiacha awali. Walimu watatu, madarasa saba! Mwalimu anawaachia la tatu zoezi, anahamia la nne, akirudi nusu wameshatoka nje. Mmoja akienda likizo ya uzazi, wanabaki wawili. Tukitaka kuzungumzia ufaulu kwa haki, tuanzie hapa.

Hata asilimia zenyewe zinadanganya. Darasa la saba lenye watahiniwa kumi, wawili wakifeli, ufaulu umeshuka kutoka 100 hadi 80. Pengine mmoja aliugua malaria wiki ya mtihani, mwingine alifiwa. Kwenye shule yenye watahiniwa 200 watoto wawili hawaonekani kabisa. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora kitaifa, na niliipongeza hatua hiyo. Tatizo ni kwamba huku chini tabia ya kupanga shule kwa namba bado ipo.

Najua wapo watakaosema ziunganishwe. Sawa, watoto wa darasa la kwanza watembee kilomita ngapi? Mwaka 2021, fedha za mpango wa UVIKO-19 zilijenga madarasa 3,000 ya shule shikizi, yaani vituo vidogo vilivyo chini ya shule mama, ili watoto wadogo wasomee karibu na nyumbani. Hatuwezi kuzijenga leo kwa sababu ya umbali, kesho tuzifunge kwa sababu ya idadi.

Wengine watasema wazazi wachange. Kijiji chenye kaya chache kinachanga kidogo, haina mjadala. Na tangu Rais Magufuli apige marufuku michango Januari 2018, mwalimu mkuu anaogopa hata kuitisha kikao cha kuomba mahindi ya uji.

Hoja ninayoiheshimu ni ya mzazi ambaye mwanawe amebanana na wenzake 150 darasani mjini. Atauliza kwa nini tuihurumie shule ya watoto 120. Mtoto wake anaumia kweli, na fedha pekee haziponyi kila kitu. Utoro wa msimu wa mavuno hautaisha kwa ruzuku. Lakini shule yake ikipata mwalimu mmoja zaidi, msongamano unabaki palepale kwa kiasi kikubwa. Shule ndogo ikipata mwalimu wa nne, karibu kila darasa linauona tofauti siku hiyohiyo.

Ninachopendekeza: kila shule ipate kiwango cha msingi kisichotegemea idadi, kilekile kila mwezi, ndipo vichwa vihesabiwe juu yake. Ikama nayo ihesabu madarasa kabla ya wanafunzi, pasiwe na shule ya madarasa saba yenye walimu pungufu ya watano.

Mtaniuliza fedha zitoke wapi. Kama mfuko hauongezeki, basi nyongeza ya kwanza iende shule ndogo na kubwa zisubiri mwaka mmoja. Natetea hilo nikijua litawauma wengi. Anayepinga aje na mgawanyo wake, tuuone kwa namba.